Kipindi cha Hesabu na Shamba la Alizeti

Masasi, Mtwara
Jumapili, mwezi wa tatu

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpelekee Mama jikoni kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishavaa miwani husikii la mtu. Miguu ya Mama inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma anaitumia, au kaifungia kabatini anangoja maumivu yazidi ndiyo aifungue? Na wewe kifua? Zainabu aliniambia ulikohoa wiki nzima baada ya ile mvua ya upepo, ukamkataza asiniambie. Ameniambia. Usimgombeze mdogo wangu.

Mimi mwili ni mzima. Kazi ipo, chakula kipo, samaki wa huku nimeshawazoea. Ila mlenda wao si mlenda, na ugali wa uwele nauota tu. Majirani wananiuliza kwa nini Mnyaturu wa Singida hatosheki na wali, nami nimechoka kuwajibu.

Utashangaa nimeandika barua wakati simu ipo. Baba, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa. Nikikwambia nimekula, watu wote pale dukani wanajua nimekula nini. Neno nililonalo leo sitaki lisikike dukani kabla hujalisikia wewe. Mwenzangu wa kazini anakwenda likizo kwao Manyoni, nimempa bahasha hii, naye ataipandisha kwenye basi la Singida, konda aishushe Ikungi. Zainabu nimeshamwambia aipokee asiifungue. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza, msomee Mama.

Umekaa? Kaa, Baba. Mwaka huu siendi chuo kikuu.

Najua umeshawaambia watu. Najua ulisimama kwenye kikao cha wazazi mwezi wa kwanza, ukasema binti yako anakwenda kusomea digrii ya kupiga picha za ndani ya mwili wa binadamu, na watu wakakupigia makofi. Najua hata yule beberu mweusi umemtenga na wenzake, anakula pumba na mashudu, anangojea siku ya kuniaga. Zainabu alinitumia picha yake. Amenenepa haswa.

Sijafukuzwa kazi, sijagombana na mtu, wala si mimba, ukimsomea Mama mwambie atoe mkono kichwani. Ni jambo dogo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulidhania.

Hospitali yetu imeletewa mashine mpya, inaitwa siti skani. Eksirei ninayopiga kila siku inamwonyesha mtu kama kivuli. Hii mpya inamwonyesha vipande vipande, kama mkate uliokatwa, na yeye amelala tu hana hata mchubuko. Mtu aliyeanguka kwenye mkorosho, unaona damu ilipovujia kichwani kabla hajapelekwa mbali. Siku ilipofungwa sisi wa idara ya picha tulikuwa tunaizunguka kama watoto na baiskeli mpya. Kesho yake daktari mfawidhi, mkubwa wetu hapa, akaniita ofisini.

"Mwanahamisi, wewe ndiye mkongwe wa idara," akasema. "Nataka ukasome digrii, urudi usimamie chumba kile. Ruhusa ya masomo nitaipigania mimi."

Nilitoka mle sijui nakanyaga wapi. Ndiyo siku niliyokupigia, nawe ukaweka sauti kubwa.

Wiki iliyofuata nikafungua mwongozo wa udahili, nione wanataka nini na nini, nitayarishe vyeti mapema. Nilikuwa nausoma huku maji ya chai yako jikoni, kama mtu anayesoma tangazo la harusi ambayo ameshaalikwa. Wameweka milango miwili, Baba. Mlango wa kwanza ni wa waliomaliza kidato cha sita. Hao wanatakiwa wawe wamefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Huo haunihusu, sikwenda kidato cha tano, nikaupita. Mlango wa pili ni wetu sisi wenye diploma ya kazi hii. Wanataka diploma yenye wastani wa B. Ninao. Halafu wanataka kidato cha nne uwe umefaulu masomo waliyoyataja, angalau D kila somo. Nikaanza kuyafuata kwa kidole. Biolojia, nina C. Kemia, nina D. Fizikia nina C, na unajua nilivyoitolea jasho ile. Kiingereza, D. Nikasimama niende kuepua maji. Kisha nikaona mstari bado haujaisha. Baada ya Kiingereza palikuwa na maneno mawili tu: na Hisabati.

Nilikaa tena. Maji yalichemka mpaka yakakauka, sufuria ikaungua, nikaja kushtuliwa na harufu.

Nikajiambia labda ni chuo kile tu. Nikafungua cha pili. Wao wamepanga maneno kwa namna nyingine, lakini hesabu iko palepale. Nikafungua cha tatu. Nikajiambia labda wanamaanisha watoto, si mtu kama mimi aliyekaa kwenye chumba cha mionzi miaka kumi na moja. Asubuhi nikapiga simu ofisi ya udahili. Akapokea dada mmoja ana sauti ya upole, mpaka nikaona aibu ya hasira nilizokuwa nazo. Nikamsomea matokeo yangu yote.

"Dada yangu, diploma yako ni nzuri sana," akasema. "Ila hesabu una F."

"Najua nina F. Lakini nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Kila siku nakadiria mionzi. Mtu mnene kiasi gani, mtoto kiasi gani, nisogeze mashine umbali gani. Hiyo si hesabu?"

"Ni hesabu, dada. Kaifanye kwenye mtihani. Ukipata D, uje."

"Kwani diploma nilisomaje bila hiyo D?"

"Kule hawakuiuliza. Huku tunaiuliza."

Hakunitukana, Baba. Hata hakuharakisha kukata simu. Ndiyo maana iliniuma zaidi, sikuwa na wa kumlaumu. Nilitoka nikavaa aproni yangu ya risasi, ile nzito ya kujikinga na mionzi, nikampiga picha mama mmoja aliyeteguka kiwiko. Akaniuliza, "Daktari, mbona unanilaza mkono ambao hauumwi?" Nikamwambia naulinganisha na mwenzake. Yule mama akabadilisha mkono mwenyewe.

Sasa nikuulize, Baba. Unakumbuka ile F tuliipokeaje? Mimi nakumbuka vizuri. Darasa zima tulipata F ya hesabu, hata yule kijana wa kwa fundi cherehani aliyekuwa anaongoza. Mkuu wa shule wa wakati ule akacheka mbele ya wazazi, akasema F ya hesabu ni ya kijiji, haimhusu mtu. Nanyi mkacheka. Mama akachinja jogoo kwa sababu nimefaulu sayansi. Msiba wa wengi harusi, ndivyo ilivyokuwa, tukala ubwabwa wa F. Hakuna aliyesema mwanangu, hii F itakuja kukukamata kisigino siku moja. Mimi mwenyewe niliisahau. Nilikuwa nikiona cheti changu, jicho linairuka lenyewe.

Na unakumbuka kwa nini darasa zima? Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito, maana ninakuheshimu, na sitaki uone nimevuka mpaka. Lakini uliniambia siku naondoka nyumbani kwamba mtoto asiyemwambia baba yake ukweli amemfanya mgeni. Basi nakwambia.

Mwalimu wetu wa hesabu alihamishwa tukiwa kidato cha pili, mwingine hakuletwa. Vipindi vya hesabu tukawa tunakaa tunapiga soga na kusukana. Wewe ulikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, kama ulivyo sasa. Ulikuja siku moja ukatukuta, ukakasirika. Kwenye kikao ukasimama, na mimi nilikuwa dirishani nakusikia: "Watoto wanakaa bure, na shule haina maabara. Kipindi cha hesabu hakina mwalimu. Basi kiwe cha shamba. Walime alizeti, tukamue mafuta, tujenge maabara." Watu wote wakakubali. Hata mimi niliona fahari, baba yangu ana akili.

Na alizeti ilikubali, Baba. Shamba lile lilikuwa la njano mpaka watu wa mabasi wakawa wanachungulia. Tulipalilia kipindi cha hesabu, tukavuna kipindi cha hesabu, tukapura kipindi cha hesabu. Maabara ikasimama. Tulikuwa wa kwanza kuingia mle, sakafu ya saruji bado inanuka upya. Mle ndimo nilimoshika hadubini kwa mara ya kwanza. Mle ndimo nilimojifunza jinsi mwanga unavyopinda kwenye kioo, nikapenda Fizikia mpaka nikaiota. Bila maabara ile nisingepata ile C, na bila ile C nisingesoma diploma, na leo ningekuwa wapi sijui.

Sasa niambie mimi nicheke au nilie. Kilichonifungulia mlango wa kwanza ndicho kilichonifungia wa pili, na vyote viwili vimetoka kwenye mkono wako. Nimelala na neno hili wiki nyingi. Sikulaumu, na nisikilize hapa vizuri: sikulaumu. Mwalimu hakuwepo. Ulitazama watoto wanaopoteza muda ukawapa cha kufanya. Ningekuwa wewe ningefanya vilevile. Na kama mambo yangeishia hapo, nisingekuandikia barua hii. Ningekudanganya kwamba ruhusa imechelewa, nikahangaika na hesabu yangu kimyakimya, nikakwambia siku nikifaulu.

Lakini Zainabu alinipigia Jumanne.

Tulikuwa tunaongea ya kawaida, nikamuuliza shule, akasema nzuri. Nikamuuliza hesabu, kwa sababu siku hizi nikisikia neno hesabu masikio yanasimama. Akasema, "Dada, leo hatukusoma, tumepalilia."

Nikamwambia, "Mmepalilia nini?"

"Alizeti ya shule. Si ndiyo kipindi chake."

Nilidhani mtandao unakatakata. Nikamwambia arudie. Akarudia, tena anacheka, anashangaa mimi nashangaa nini. Nikamuuliza kama bado hamjapata mwalimu wa hesabu. Akasema mwalimu yupo tangu mwaka juzi, kijana, anajua sana, ila anapewa vipindi vichache, vingine ni vya shamba kama desturi. Akasema mwalimu mwenyewe alilalamika kwenye kikao, na Mwenyekiti akamjibu kwamba alizeti ndiyo iliyojenga shule hii, naye ameikuta.

Mwenyekiti ni wewe, Baba.

Nilikaa kitandani na simu mkononi hata baada ya Zainabu kukata. Nilipoiona ile F kwenye mwongozo nilishtuka, ndiyo, lakini ule ulikuwa mshtuko wangu mwenyewe, nilijua pa kuuweka. Huu wa Jumanne sikujua pa kuuweka. Siku zile tulilima kwa sababu mwalimu hakuwepo. Leo mwalimu amesimama na chaki mkononi, na watoto wamo shambani. Maabara imeshajengwa. Mnajenga nini tena? Na Zainabu, ambaye tangu ana miaka sita anajifanya anawapiga kuku eksirei kwa kikapu, ananiambia kabla hajakata, "Dada, mimi nitapita kidato cha sita kabisa, nisipitie diploma kama wewe." Yuko kidato cha tatu. Mwakani ni mtihani. Hajui kwamba huko anakotaka kupita, bila hesabu ya kueleweka hata hiyo Fizikia yenyewe itamshinda, na akishindwa kidato cha sita akarudi kwenye mlango wangu, atakuta F imekaa kizingitini inamngoja. Sikumwambia. Nilishindwa. Nilimwambia tu asalimie.

Hesabu tulizoea kuiona kama somo la watu fulani, wenye vichwa vyao. Fizikia tukaiona ya mafundi umeme. Picha za hospitali tukadhani ni kubonyeza tu, na wengi huku bado wanadhani hivyo, wananiuliza kama nina kamera. Kumbe kazi yote ni mionzi, na mionzi usipoijua kwa hesabu unamuunguza mtu bila yeye kusikia maumivu. Nimekuja kuelewa kwa nini wanaiuliza. Imeniuma lakini nimeelewa. Nisingependa Mama alazwe kwenye mashine ile na mtu anayekisia.

Sasa habari zangu. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa hesabu wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, mtahiniwa wa kujitegemea. Ndiyo, mimi, na umri wangu huu. Daktari mfawidhi nilimwendea nikamweleza, akashika paji la uso. Akasema atanishikia nafasi mwaka mmoja, zaidi ya hapo hana uwezo, atampeleka mwingine, kwa sababu mashine haiwezi kukaa bila msimamizi. Kwa hiyo ni mtihani huu mmoja. Nikianguka, kile chumba atapewa mtu mwingine, nami nitabaki kumfungulia mlango.

Jirani yangu mmoja, Bi Sharifa, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajastaafu. Nilimpelekea embe nikamwomba anifundishe. Akanipa jaribio kwanza anipime. Nilipata kumi na moja kwa mia. Alisahihisha mbele yangu, kalamu nyekundu, hakunionea haya.

"Mwanangu, wewe kwenu mlisoma nini kipindi cha hesabu?"

"Tulilima alizeti, Bi Sharifa."

Akadhani namtania. Alipoona sicheki, akavua miwani. Akasema, "Alizeti inapendeza. Haya, leta daftari." Tangu siku hiyo nikitoka kazini napitia kwake. Ananifundisha pamoja na watoto wawili wa mtaani hapa, na wale watoto wananiita daktari huku wananionyesha nilipokosea. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka mgongo unauma. Kuna siku nilitupa kalamu nikatoka nje nikalia kwenye ngazi. Bi Sharifa akaniacha nilie, kisha akaniita, "Ukimaliza, swali la nne linakungoja." Juzi nimepata ishirini na sita. D inaanzia thelathini. Bado sijafika, Baba, ila naiona.

Kinachoniliza si ugumu wake. Kinachoniliza ni kwamba si ngumu kama tulivyoambiwa. Ukikaa chini na mtu anayejua, akakuelekeza polepole, inaeleweka. Sikuwa mjinga wa hesabu. Nilikuwa shambani tu.

Basi ombi langu ni moja. Wewe ndiye uliyesimama ukasema kipindi cha hesabu kiwe cha shamba. Mwingine yeyote akisema kirudi darasani, watamwona anampinga Mwenyekiti, na watakataa kwa heshima yako. Yule mwalimu kijana ameshajaribu, umeona. Simama wewe. Huna haja ya kusema ulikosea, maana siku ile hukukosea. Sema tu kazi ya ile alizeti imekwisha. Shamba kama mnalitaka, lilimwe Jumamosi, wazazi nao waje na majembe yao, mbona wapo wengi. Na kama utaona uzito kulisema la Zainabu, sema langu. Waambie wote, hata dukani, weka sauti kubwa: Mwanahamisi hakwenda chuo kikuu kwa sababu ya F ya kijiji. Nimekuruhusu. Aibu hiyo naibeba mimi, ilimradi wasikie.

Najua utakasirika kidogo. Nakujua, utatoka uende kutembea mpaka kwenye jiwe lile kubwa na kurudi, na Mama atabaki anauliza kuna nini. Nenda, tembea. Ukirudi, isome barua tena.

Nisalimie Mama, mwambie aitumie dawa. Nisalimie Bibi, mama yako mzazi, na umwambie nimemsikia anavyouliza mume yuko wapi, mume atangoja mpaka nijue kutafuta X. Nisalimie Kaka Jumanne mkubwa wetu na mkewe, na wale mapacha wao, waambie shangazi yao anawakumbuka na kwamba jedwali la kuzidisha waanze leo. Shangazi Mwasiti, dada yako wa Singida Mjini, mpe pole ya mguu. Na yule mwalimu kijana wa hesabu, simjui, hajui kama nipo, msalimie kuliko wote.

Humu kwenye bahasha nimeweka mkebe wa hesabu wa Zainabu, una rula, bikari na vipimapembe. Nilinunua miwili inayofanana, mmoja ninao mimi.

Na la mwisho. Beberu usimchinje, wala usimrudishe kundini. Mtihani sitafanyia huku. Nilipojiandikisha waliniuliza nachagua kituo gani, na shule yetu siku hizi inapokea watahiniwa wa kujitegemea. Nimeichagua hiyo. Mwezi wa kumi na moja nitakuja nyumbani, na nimeambiwa watatukalisha kwenye ile maabara yako. Nitafika wiki moja kabla. Asubuhi nitapita njia ya shuleni, na kipindi cha hesabu kikifika nikawakuta watoto wako shambani wanang'oa visiki, Baba, sitamgombeza mtu. Nitavua viatu, nitachukua jembe, niingie nao kwenye mstari, Zainabu kulia na mimi kushoto, maana kwa hesabu mimi bado ni mwanafunzi wa shule ile. Uje utuhesabu.

Mwanao anayekupenda na kukuheshimu,
Mwanahamisi